Kupendwa Bure

Msemo "upendo usio na masharti" umeenea makanisani kwetu kiasi kwamba anayeusikia hudhani umetoka kinywani mwa Mtume Paulo mwenyewe. Umo kwenye mahubiri ya Jumapili, kwenye semina za ndoa, kwenye mawaidha ya mkesha na migongoni mwa fulana za kwaya za vijana. Lakini fungua Biblia ya Kiunguja ya 1891, fungua ya Muungano ya 1952, kisha upekue Kiebrania na Kigiriki chenyewe: hutaukuta. Msemo huu ulipata nguvu katika karne ya 20, hasa kupitia wanasaikolojia waliofanya kazi Marekani. Miaka ya 1950 Carl Rogers alifundisha kwamba mtu aliyeumia nafsi hupona akikubaliwa jinsi alivyo, bila kupimwa kwanza. Erich Fromm naye, katika kitabu chake cha 1956 kuhusu sanaa ya kupenda, alisema upendo wa mama hauna masharti, ila wa baba hupatikana kwa kuustahili. Wahubiri wakauchukua msemo, wakauingiza ibadani, nao ukakaa.

Sina ugomvi nao. Umemwinua mtu aliyeingia kanisani akijiona hafai kitu, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo naamini Kiswahili kina neno jingine, la zamani na fupi, linalolisema jambo hilo kwa ukali zaidi na kwa ukweli zaidi. Kabla ya kulifikia, tuwapitie majirani zake.

Tuanze na sharti lenyewe. Tunakutana nalo wapi? Kwenye mkataba wa nyumba ya kupanga. Kwenye fomu ya mkopo. Mwisho wa tangazo la redio, pale sauti inapoharakisha: vigezo na masharti kuzingatiwa. Na kwa mganga, ambako dawa huja na makatazo yake, usile hiki, usipite pale, usigeuke nyuma, na ukivunja moja tu kazi yote imeharibika. Neno limelowa hofu ya kukosea. Kwa hiyo tunapoueleza upendo wa Mungu kwa kusema hauna masharti, tumesema kweli, lakini tumebaki ofisini kwa mkopeshaji. Tumesoma karatasi ile ile na kufurahi kwamba ukurasa wa nyuma ni mtupu. Tumejua kisichokuwapo. Kilichopo bado hakijatajwa.

Sharti lina kazi nyingine pia, ile ya "lazima". Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumelelewa nayo, na ni kweli duniani kote: anayehitaji ndiye anayeinama. Ukiisoma habari ya Kristo katika Wafilipi sura ya 2 ukiwa na methali hii kichwani, utashtuka. Mwenye kuinama pale si mwenye haja. Ni mwenye nyumba, mwenye kitanda na mwenye kila kilichoko mvunguni, naye anashuka hadi kwenye hali ya mtumwa na kifo cha msalaba. Mwenye haja yuko wapi? Amelala, wala hajajua kwamba anatafutwa.

Tena Kiswahili hakihitaji hata kulitaja neno sharti ili kuweka sharti. Silabi moja inatosha. Ukinitii, nitakupenda. Ukifaulu, nitakununulia baiskeli. Ile -ki- inakaa tumboni mwa kitenzi, na mtoto huijua kabla hajajua kusoma. Wengi wetu tumepewa mapenzi ya nyumbani yakiwa na -ki- ndani yake, kwa hiyo tunaisikia hata pale isipokuwapo. Chukua Warumi 5:8. Paulo alikuwa na nafasi nzuri ya kuweka "kama" na hakuiweka. Anasema kifo cha Kristo kwa ajili yetu kilitokea wakati ule ule tulipokuwa wenye dhambi, na watafsiri wa Biblia ya Muungano walitumia "tungali", kitenzi cha hali ambayo haijaisha: mgonjwa angali kitandani, mvua ingali inanyesha. Kuna -po- ya wakati, kuna -ngali ya hali inayoendelea, na -ki- haimo. Mhubiri anayeisoma aya hiyo kisha akasema "ukiacha dhambi Mungu atakupenda" ameongeza silabi ambayo mtume hakuiandika.

Kuhusu agape, neno la Kigiriki la upendo, nitapita haraka, maana limesemwa mno. Mtheolojia Mswidi Anders Nygren alianza mwaka 1930 kuchapisha kazi kubwa iliyotenganisha agape na erosi, upendo wa kutamani, na tangu hapo wahubiri wengi wameamini kwamba siri yote imefungwa ndani ya neno hilo la Kigiriki. Haimo. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya 2 Samweli 13, kitenzi cha agape ndicho kinachotumika kwa Amnoni alivyomtaka Tamari, dada yake kwa baba, kabla ya kumnajisi. Paulo akieleza jinsi Dema alivyomwacha kwa kuupenda ulimwengu, anatumia kitenzi hicho hicho. Neno halikuzaliwa takatifu. Habari iliyosimuliwa kwa kulitumia ndiyo iliyolitakasa. Hii ni faraja kwetu tunaotumia kitenzi kimoja, kupenda, kwa Mungu, kwa mke na kwa pilau. Hatujapungukiwa.

Fadhili ndilo linaloniuma. Katika Zaburi ya 136 neno hili linarudi katika kila aya, aya zote 26, likisimama mahali pa hesed ya Kiebrania, ule uaminifu wa mwenye agano asiyemwacha mwenzake hata mwenzake akimwacha. Watafsiri wa pwani walichagua vizuri. Kwa asili yake ya Kiarabu, fadhili ni ziada, kile kinachopita kiasi cha haki. Lakini tazama tulivyolitumia baadaye. Kutoka fadhili tukapata mfadhili, na wafadhili wakawa watu wa magazetini. Mwalimu Nyerere alivutana kwa miaka na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa sababu ya masharti yake, na mwaka 1986, yeye akiwa ameshaondoka madarakani, Tanzania ikatia saini makubaliano nalo. Kizazi changu kimekua kikisikia "wafadhili" na "masharti" katika sentensi moja, kama sufuria na mfuniko. Mtoto wa mazingira hayo akiimba fadhili za Bwana Jumapili, sikio lake linasubiri kusikia Bwana anataka nini.

Na wahenga nao walishatoa hukumu yao: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Mbuzi ukimlisha utakunywa mchuzi. Binadamu atakulipa matusi. Ni methali ya mtu aliyeumizwa, na hakuna aliyeishi akaikosoa. Injili haibishani nayo kuhusu binadamu. Inakubali kwamba ana maudhi, inayaorodhesha hata, kisha inasema Mungu alimfadhili yeye.

Rehema nitaligusa kwa sababu ya undani wake. Kwa Kiarabu linachangia mzizi na neno la tumbo la uzazi, na Kiebrania kina undugu huo huo kati ya rehema na tumbo la mama. Mswahili asiyejua mizizi hiyo ameufikia ukweli huo kwa njia yake mwenyewe anaposema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nabii Isaya, katika sura ya 49, anapotaka kueleza jinsi Mungu asivyoweza kuwasahau watu wake, anamtaja mwanamke na mtoto wake anyonyaye, halafu anathubutu kusema kwamba hata huyo mama aweza kusahau.

Sasa bure.

Ni neno lenye sura tatu. La kwanza ni bila malipo: maji ya bure, matibabu ya bure. La pili ni bila sababu: amempiga bure, wananichukia bure. La tatu ni bila faida: nimekwenda bure, umejichosha bure. Ukitaka kulikaza unasema bure bilashi, na bado hujachagua ni sura ipi kati ya hizo. Kwa ajili ya sura hii ya tatu watu wazito hulikwepa neno. Tanzania ilipofuta ada shuleni kuanzia Januari 2016, mitaani ilisemwa elimu bure, ila nyaraka za serikali zilishika elimu bila malipo. Bure linaonekana kushusha hadhi ya kitu. Mtu bure ni mtu asiyefaa.

Kiswahili hakiko peke yake katika hili. Kigiriki cha Agano Jipya kina dorean. Katika Warumi 3:24 Paulo anasema tunahesabiwa haki dorean, bila kulipa. Katika Wagalatia 2:21 anasema kwamba kama haki ingepatikana kwa sheria, Kristo angekuwa amekufa dorean, kifo cha hasara. Katika Yohana 15:25 Yesu anasema alichukiwa dorean, hakuna alilokosa. Neno moja, sura tatu, na Kiswahili kinazibeba zote kwa bure bila kutoa jasho. Lugha nyingi za Ulaya hulazimika kutafuta maneno mawili au matatu tofauti, na msomaji wao haoni kwamba mtume alikuwa akigonga ngoma ile ile.

Rudi nyuma zaidi, ufike kwa Ayubu. Sura ya kwanza, aya ya 9, Shetani anauliza kama Ayubu anamcha Mungu bure. Kiebrania ni hinam, na hinam limetokana na hen, neno la neema. Tafsiri ya kale ya Kigiriki inaweka dorean hapo hapo. Hoja ya Shetani ina mantiki kabisa. Huyu mtu ana kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500, amezungushiwa ua pande zote, nani asingesali? Kwa Kiswahili cha mtaani hoja hiyo ina maneno mawili tu: si bure. Tunayatumia kila siku. Jirani akikuletea samaki bila sikukuu wala msiba, mtu wa nyumbani ataangalia mlango ukifungwa kisha aseme, "Huyu si bure, ana lake jambo." Kijana akimsaidia mjane kubeba maji, si bure. Tajiri akijenga kisima, si bure, uchaguzi unakaribia. Mara nyingi tunakuwa sahihi, na hilo ndilo linaloitia nguvu hoja. Shetani wa kitabu cha Ayubu haukani uwepo wa Mungu wala uwezo wake. Anachokana ni kwamba kuna upendo wa bure mahali popote, juu au chini. Anaamini mbingu na nchi ni soko.

Kisha, katika sura ya 2, Mungu mwenyewe analirudia neno lile. Anamwambia Shetani kwamba amemchochea ampige Ayubu hinam, pasipo sababu. Neno la neema na neno la mateso yasiyo na sababu ni neno moja. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu bila kulimaliza. Nadhani linatuambia kwamba ulimwengu unaoweza kumpa mtu upendo asioustahili ni ulimwengu ambamo hesabu ya kustahili imeondolewa, na mtu akishaizoea hesabu hiyo, kuondolewa kwake kutamtisha kabla hakujamfurahisha.

Ndiyo maana nalipendelea bure kuliko usio na masharti. Ukisema Mungu ananipenda bure, umesema mambo matatu kwa pumzi moja. Sikulipa. Hakuna sababu ndani yangu. Kumbukumbu la Torati sura ya 7 inawaambia Waisraeli kwamba hawakuchaguliwa kwa wingi wao, na sababu inayotolewa mbele kabisa ni kwamba Bwana aliwapenda, yaani aliwapenda kwa kuwa aliwapenda. Na la tatu, ambalo msemo wa kisasa haulifikii: upendo huo waweza kwenda bure. Mwenye masharti hapotezi kitu. Ukikosa kutimiza, anachukua mali yake na kuondoka. Anayetoa bure amekubali kupoteza. Yesu anaulilia mji wa Yerusalemu kwa sababu alitaka kuwakusanya watu wake nao hawakutaka. Paulo anawasihi Wakorintho wasiipokee neema bure. Onyo la namna hiyo lisingekuwa na maana kama kitu chenyewe kisingeweza kumwagika.

Na bure kwa anayepokea haimaanishi rahisi kwa anayetoa. Nabii Hosea aliamriwa kumpenda tena mwanamke aliyemwacha, na sura ya 3 inataja bei aliyolipa ili kumrudisha: shekeli 15 za fedha, na homeri moja na nusu ya shayiri. Naiona pale hali ya mtu ambaye fedha hazikutosha akajazia nafaka. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na serikali ya Hitler mwezi Aprili 1945, aliandika mwaka 1937 dhidi ya neema ya bei rahisi, ile inayogawiwa kama bidhaa ya bei ya kutupa. Huwa anatajwa na wanaotaka kurudisha masharti mlangoni. Naamini wanamsoma vibaya. Alikuwa akikasirikia watu waliosahau kwamba kuna aliyelipa.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika suala hili iko Luka 15, na inahitaji kusomwa polepole. Mwana mpotevu, akiwa kwenye nguruwe, anatunga hotuba. Hotuba ina vifungu vitatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwanao, nifanye kama mmoja wa watu wako wa mshahara. Neno la Kigiriki la mtu huyo ni misthios, anayelipwa kwa kazi ya siku, na Kiswahili kina neno lake kamili: kibarua. Neno hilo limetokana na barua, kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuonyesha kwamba ameshinda kazini. Kijana anarudi nyumbani kuomba kibarua. Ameshajitungia masharti mwenyewe, baba asihangaike: nitafanya kazi, utanilipa, hatudaiani. Anatembea njia nzima akiyakariri.

Sasa soma aya ya 21. Baba ameshamwona kwa mbali, ameshakimbia, ameshamkumbatia. Kijana anaanza hotuba. Kifungu cha kwanza, kimesemwa. Cha pili, kimesemwa. Cha tatu hakipo. Baba amemkata kauli, anawageukia watumishi na kuagiza vazi, pete, viatu na ndama. Ombi la kibarua halikukataliwa. Halikupewa hata nafasi ya kusikika. Fromm alisema upendo wa baba ni wa kustahili, na akina baba wengi tumemthibitisha. Baba huyu wa Luka yuko nje ya kipimo hicho.

Aliyeendelea kudai hesabu ni kaka mkubwa. Yeye amehesabu miaka aliyotumika na mbuzi ambaye hakupewa, na kwake ndama yule ameliwa bure, kwa ile sura ya tatu. Kuhusu ndama ana haki. Kuhusu baba yake hajui kitu, na ameishi naye nyumba moja.

Najua Biblia ina "kama" nyingi. Kumbukumbu la Torati 28 imejaa, na katika Yohana 15 Yesu anasema watakaozishika amri zake watakaa katika pendo lake. Sizikwepi. Ila kitenzi pale ni kukaa, na mtu hakai mahali ambapo hajaingizwa. Amri zinamkuta ndani. Makosa huanza pale tunapozibandika nje ya mlango na kuwaambia watu wazisome kabla ya kubisha. Nimeona mabinti waliopata mimba nje ya ndoa wakitengwa, wakikaa miezi kwenye viti vya nyuma wakisubiri kurudishwa kundini, huku sahani ya sadaka ikipitishwa mbele yao kila Jumapili bila kuwaruka. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake na sitaki ifutwe. Lakini binti huyo amesikia -ki- katika kila neno, hata kwaya ilipokuwa ikiimba upendo usio na masharti.

Nasi tunaitana wapendwa. Bwana asifiwe, wapendwa. Neno limechakaa kwa matumizi, ila sarufi yake bado iko kamili: ile -w- ni ya kutendwa. Mpendwa hajafanya chochote, amefanyiwa. Katika Marko sura ya 1 sauti kutoka mbinguni inamwita Yesu hivyo akiwa ndiyo kwanza anapanda kutoka majini Yordani. Hajahubiri, hajaponya hata mtu mmoja, hajaita mwanafunzi. Injili nzima ya kazi zake inakuja baada ya jina hilo.

Kwa walimu wa kipaimara na wa katekisimu nina ombi moja. Kabla ya kuwafundisha vijana msemo wa upendo usio na masharti, waanze na swali la Shetani kuhusu Ayubu, kwa neno lake lile lile. Wawaulize nani amewahi kuwapenda bure, na walijuaje kwamba ilikuwa bure. Wasikilize majibu yote, pamoja na ya wale watakaosema hakuna, kisha ndipo wafungue Luka 15 na kuwaachia vijana wenyewe watafute kifungu cha tatu cha hotuba.